Waya Uliozunguka Malka

Taa ya kijani kwenye tundu la waya wa mtandao msiiamini sana. Inawaambia jambo moja tu: huku kuna kifaa, kule kuna kifaa, na vimesalimiana. Haisemi kama vinaelewana. Nimeona watu wawili sokoni Garsen wakishikana mikono na kucheka, na kesi yao ya mpaka wa shamba iko kwa chifu. Taa ya kijani ni mkono huo.

Nawaandikia nyinyi mnaojifunza kazi ya bodi ndogo, zile kompyuta za ukubwa wa kiganja tunazozifungia kwenye sanduku na kuziacha porini zipime maji, mvua au upepo. Mimi nimeiacha kazi. Macho hayaoni tena miguu ya chipu bila kioo, na magoti yanakataa ngazi. Lakini simu bado inalia, na swali huwa lile lile: "Fundi Rebeka, mtandao upo, lakini uko polepole."

Kifaa kilichokufa ni rahisi. Kimekufa, unatafuta kilichokiua. Kilicho polepole ndicho kitakachowatesa, kwa sababu kila mtu atakuja na mshukiwa wake, na kila mshukiwa atakuwa na dalili za kweli.

Aliyenifundisha ufundi hakuwahi kuona kompyuta. Mzee Hiribae alikuwa na kibanda cha redio Garsen, nyuma ya maduka ya vitambaa. Nilifika kwake nikiwa sijamaliza darasa la saba. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujamaliza kumlilia baba, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Wadogo zangu walikuwa watatu, na wa mwisho, Jilo, nilikuwa bado nambeba mgongoni. Sikwenda pale kutafuta ufundi. Nilikwenda kufagia. Ila kufagia kibanda cha fundi ni kuokota skrubu, na ukiokota skrubu utaulizwa imetoka wapi, na ukijibu sawasawa unapewa bisibisi.

Redio zake kubwa za valvu zilikuwa na umeme wa kuua mtu. Kwa hiyo kanuni yake ya kwanza ilikuwa mkono mmoja ndani ya redio, wa pili mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani.

"Mkono mfukoni!" aliniambia siku ya kwanza.

"Gauni halina mfuko, mzee."

"Ufunge kwenye leso."

"Kwenye leso kuna Jilo."

Mzee akafikiri. "Basi mpe Jilo aushike."

Ndivyo nilivyojifunza ufundi, mkono wa kulia ndani ya redio na wa kushoto nyuma, mtoto ameshika kidole changu. Alipochoka alikiuma. Nikipiga kelele, Mzee Hiribae alidhani nimepigwa na umeme, akazima swichi ya kibanda kizima.

Kanuni yake ya pili niliibeba maisha yangu yote: gusa kitu kimoja tu, jaribu, kisha gusa kingine. "Ukigusa viwili redio ikapona," alisema, "hujui kilichoiponya. Ikifa, hujui kilichoiua." Ishikeni kanuni hiyo. Ila nitawaeleza siku iliponiangusha, maana kanuni nzuri nayo ina mpaka wake.

Sasa nije kwenye kituo cha mtoni.

Juu kidogo ya Kulesa mto unapinda, na pale kwenye kona tuliweka sanduku juu ya miguu mirefu ya mbao, kama ghala la mahindi. Ndani kuna bodi, betri ya sola na kamera inayotazama mti wa kupimia maji. Mti umepakwa rangi nyeupe, na kwenye urefu fulani una mstari mwekundu. Maji yakifika mstari mwekundu, wakulima wa chini wanajua bado wana muda wa kukata mpunga kabla mto haujaingia mashambani, na wafugaji wanajua waondoe ng'ombe kwenye nyasi za bondeni. Sanduku haliwezi kuzungumza na Garsen lenyewe kwa sababu liko chini. Linapeleka picha kwa waya mpaka kwenye mlingoti ulio mwinukoni, na redio ya mlingoti inazirusha Garsen, na kutoka Garsen zinaingia kwenye simu za watu.

Mtauliza, picha ya nini, si ingetosha namba? Mwanzoni ilikuwa namba. Tulikuwa na kipimo kinachotazama maji kutoka juu na kuhesabu umbali. Msimu mmoja nyigu wakajenga kiota cha udongo chini ya jicho lake. Kipimo kikaona kiota, kikadhani ni maji yamefika mlangoni. Onyo likatoka, watu wakaingia mashambani na miundu. Jilo, ambaye siku hizo alishakuwa mtu mzima mwenye mke na shamba lake Kulesa, alikata mpunga wote ukiwa bado una maziwa. Mafuriko hayakuja. Alichopata kilikuwa chakula cha kuku, na familia yake ilikula muhogo mpaka msimu mwingine.

Tangu hapo Kulesa hawakutaka namba. "Namba zenu wapeni nyigu," walituambia. Tukaweka kamera.

Na kamera ilifanya kazi vizuri, kisha ikaanza kuchelewa. Picha ya asubuhi ilifika asubuhi. Picha ya saa sita mchana ilifika magharibi, ikiwa imepitwa na mto. Taa ya kijani ilikuwa inawaka muda wote, kwenye sanduku na kwenye mlingoti.

Alitumwa mhandisi kutoka Nairobi, binti anayeitwa Njeri, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu za bodi ile. Alikuja akiwa tayari amemshika mshukiwa wake, na mshukiwa huyo alikuwa kazi yake mwenyewe: draiva, ile programu ndogo inayoendesha tundu la mtandao. Nilimpenda kwa hilo. Mafundi wengi huanza kumshuku mwenzao.

Mwangalieni alivyofanya. Kwanza aliitenga kamera. Alituma data tupu kutoka bodi kwenda mlingoti, isiyotoka kwenye kamera wala kwenye kadi ya kumbukumbu. Ikienda haraka, basi mtandao hauna kosa na kadi ndiyo inayosoma polepole. Ilikwenda polepole, kwa hiyo kadi ikaachiliwa huru. Kisha akatazama kichwa cha bodi, ile chipu inayofikiri, kina kazi kiasi gani wakati data inapita. Kilikuwa kimejaa mpaka pomoni.

"Mama Rebeka, ona," akaniambia. "Kila pakiti moja, kile kipande kidogo cha data, ikifika, draiva inakatiza kazi yote ili kuipokea. Pakiti moja, kengele moja."

"Kama muuza duka anayeamka kitandani kwa kila kiberiti."

"Exactly. Nitamwambia asubiri wateja wawe wengi kidogo, ndipo afungue mlango."

Akabadilisha, na kweli kichwa cha bodi kikapumua. Asubuhi hiyo picha ziliruka kama panzi. Tulikunywa chai tukijipongeza. Ilipofika saa sita, picha zikakwama tena.

Jua likiwa kali, picha zinakwama. Jua likishuka, zinatiririka. Basi watu wa Kulesa wakajipatia mshukiwa wao, kwa sababu saa sita ndiyo saa ng'ombe wanashuka kunywa maji. Hapo karibu na kituo kuna malka. Kwa msiotoka huku, malka ni njia ya mifugo ya kufika mtoni, ukanda ulioachwa wazi kati ya mashamba, na makubaliano yake ni ya zamani kuliko sanduku letu na kuliko mimi.

"Dada," Jilo aliniambia, "wewe ni fundi, lakini hili halihitaji fundi. Saa sita nani yuko mtoni? Ng'ombe wa Mzee Barisa. Wanakanyaga waya."

"Umewaona?"

"Nimeona picha haziji."

Maneno ya namna hiyo hapa kwetu hayaachwi yazunguke. Yalimfikia Mzee Barisa kabla ya jioni, na kesho yake alikuja kituoni na fimbo yake mabegani. Ni Muorma mrefu, mpole, ndevu zimepakwa hina, na kofia ya sufu iliyofumwa haitoki kichwani, jua liwe kali namna gani. Watu walisema hata mke wake amesahau kilicho chini yake.

"Rebeka, naambiwa ng'ombe yangu inakula mtandao."

"Hakuna aliyesema wanakula, mzee."

"Inakanyaga, basi. Twende. Nionyeshe pale inakanyaga."

Tukatembea tukifuata waya, yeye mbele, mimi na Njeri nyuma. Waya ulitoka kwenye sanduku, ukapita kando ya migomba, ukazunguka juu kwenye kichwa cha malka, ukarudi chini upande wa pili, ndipo ukapanda kwenye mlingoti. Haukuwa umekatiza malka mahali popote. Nilijua hivyo, kwa sababu niliutandika mwenyewe. Wakati wa kuutandika, wazee wa pande zote walikaa wakakataa usikatize. Tulisema tutaupitisha juu kwenye nguzo. Mzee Barisa alisema, "Leo nguzo, kesho ua." Tulisema tutaufukia. Mkulima mmoja, si mfugaji, akasema, "Ukichimba malka, umeanza shamba." Basi nikazungusha, nikaunga vipande viwili vya waya kwa kiungo ndani ya kikopo cha plastiki, taa ikawaka kijani, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika.

Mzee Barisa alisimama kando ya sanduku, akanyoosha fimbo kuelekea mlingoti ng'ambo ya malka. "Toka hapa mpaka kule, mtoto anarusha jiwe. Hii waya yako imezunguka kama ng'ombe imeona sindano."

Njeri alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama natazama ule mzunguko kama vile si mimi niliyeutandika.

Sikilizeni, hili ni la kukariri. Waya wa shaba wa mtandao una mwisho wake, nao ni mita mia. Michoro ya mradi ilipima mstari ulionyooka kukatiza malka, na mstari huo ulikuwa ndani ya mia vizuri. Michoro haikuhudhuria kikao cha wazee. Tulileta kamba, tukapima njia ambayo waya umepita kweli, tukapata mia na hamsini kasoro kidogo. Kisha nikakwaruza ncha ya waya kwa kisu. Juu ni rangi ya shaba, ndani ni nyeupe. Ulikuwa alumini iliyopakwa shaba, tulioletewa kwa sababu ulipatikana. Kwaruzeni waya kabla ya kuutandika, si baada.

Mkijumlisha hayo mtaelewa jua linaingiaje. Waya ukipata moto unadhoofisha ishara zaidi. Waya mfupi hauoni tofauti. Wetu ulikuwa ukingoni, asubuhi unashika, mchana unateleza. Ng'ombe na jua vilifika mtoni saa ile ile, na watu wakamlaumu aliye na kwato.

Ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Kila kifaa cha mtandao huhesabu pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika. Njeri alifungua hesabu hiyo upande wa mlingoti, tukaiangalia ikipanda jinsi jua linavyopanda. Na hapo draiva nayo ikapatikana na hatia ndogo. Iliandikwa kwamba ikiona mtandao unasumbua sana, iuzime na kuuwasha upya. Kwa hiyo mchana ilikuwa inauzima na kuuwasha, inauzima na kuuwasha, na kila mara picha iliyofika katikati inaanza mwanzo. Ugonjwa ulikuwa wa waya, lakini dawa ya draiva ilikuwa inammaliza mgonjwa. Someni hesabu za makosa kabla ya kufungua programu hata mstari mmoja. Sisi tulizisoma mwishoni.

Nilimwendea Jilo nikamwambia si ng'ombe. Akasema atamsalimia mzee. Kisha akanyanyua uso. "Basi ufupishe. Katisha malka. Kwa siku hizi tu, Dada. Mpunga ukishaingia nyumbani utauzungusha tena."

Hakuwa anasema ovyo. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi huko juu, na mto ulikuwa umebadilika rangi. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuinama lakini haujawa dhahabu. Kila siku aliyoungoja ulikuwa unajaza punje, na kila siku aliyoungoja ingeweza kuwa siku ya maji.

"Kata sasa," nikamwambia.

"Nilikata sasa mara ile."

"Mara ile walikuwa nyigu."

"Na mara hii ni nini? Sikati mpaka nione mstari mwekundu kwa macho yangu, picha ya saa hiyo hiyo, si ya jana."

Angeweza kwenda mwenyewe kutazama mti? Mara moja, ndiyo. Lakini njia ya ukingoni ilikuwa imeanza kulowa, na kukata mpunga kunataka mikono yote iwe shambani. Ndiyo maana tuliweka kamera.

Sikukatiza malka. Makubaliano ya zamani kuliko mimi sikuweza kuyavunja kwa siku chache halafu nitegemee yanirudie mazima. Swichi ya mtandao ya kuweka katikati ya waya ili ishara ianze upya, yenye sola yake, ingetoka Nairobi, na barabara ilikuwa tope. Ndipo Njeri akasema tushushe mwendo. Waya ule ulikuwa unalazimishwa kwenda kwa mwendo wa mia, yaani megabiti mia kwa sekunde. Mwendo wa kumi ni wa zamani, watu wanaucheka, lakini ishara yake inastahimili waya mrefu. Picha zetu zilikuwa ndogo. Kumi ingezitosha na kubaki.

Njeri akapanda kwenye mlingoti, mimi nikabaki kwenye sanduku, tukizungumza kwa simu. Na hapa ndipo kanuni ya Mzee Hiribae ilipofikia mpaka wake. Gusa kitu kimoja. Nikagusa upande wangu tu. Nikazima mapatano, ule utaratibu wa vifaa viwili kuulizana mwendo, nikaamuru: kumi, kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Upande wa mlingoti nikamwambia Njeri asiguse.

Nikapiga pingi, ule ujumbe mdogo wa kubisha hodi. Kila hodi ilijibiwa, hakuna hata moja iliyopotea, na jua lilikuwa utosini. "Tumepona!" nikamwambia.

"Tuma picha."

Nikatuma. Ikaja kwa matone, vibaya kuliko hata mwanzo.

"Mama, umefanya nini?"

"Ulichoniambia. Kumi."

"Umeacha mapatano yakiwa yamewashwa?"

"Nimezima. Si nimeshajua ninachotaka?"

Kisha nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, na sauti ya mtu anayejizuia kucheka mbele ya mtu wa umri wa mama yake. "Huku kunaonyesha migongano, mama. Migongano iliyochelewa. Umejua wewe unachotaka. Redio haijui."

Akanieleza, nami nawaeleza. Kifaa kikiuliza na kisijibiwe, kinaweza kutambua mwendo wa mwenzake kwa kusikiliza. Lakini hakiwezi kutambua kama mwenzake anasema na kusikia kwa pamoja au kwa zamu. Kwa adabu, kinachagua zamu. Basi redio ilikuwa inangoja zamu yake, na sanduku langu likisema bila kungoja mtu. Hodi moja moja hupita, kwa sababu hakuna anayemkatiza mwenzake. Ukituma picha nzima, pande zote mbili zinataka kusema, na zinakanyagana. Dalili ni hii: pingi nzuri, picha mbovu. Mkiiona, acheni draiva. Nendeni mkaulize pande mbili zimekubaliana nini.

Kosa halikuwa kushusha mwendo. Kosa lilikuwa kuzima mapatano. Nilidhani waya ni kitu na tundu la upande wangu ni kitu, kumbe vyote ni kitu kimoja chenye ncha mbili. Nikayawasha mapatano upya, lakini safari hii nikaiambia bodi: ukiulizwa, taja kumi peke yake. Redio ikauliza, bodi ikajibu kumi, wakakubaliana kuhusu zamu pia. Taa ilizimika, ikawaka tena, kijani ile ile.

Nikatuma picha. Nilikuwa sijaweka simu mfukoni Njeri akasema, "Imefika. Imeshaondoka kwenda Garsen."

Nami nilikuwa naona kwa macho kile ilichobeba. Maji yalikuwa yanalamba mstari mwekundu.

Simu ya Jilo ikaita haraka. "Dada, hii picha ni ya lini?"

"Ni ya sasa hivi."

"Picha ya saa sita imewahi kufika saa sita?"

"Tumetengeneza."

"Mara ile pia mlikuwa mmetengeneza."

Nilimlea mtoto huyo, nikamfundisha kutoamini kitu mpaka akijaribu, na sasa ananijaribu mimi. Mzee Barisa alikuwa ng'ambo ya malka, ameleta ng'ombe wanywe mara ya mwisho kabla ya kuhama. Nikamwita, akaja akasimama karibu na mti wa kupimia, maji yakiwa hatua chache kutoka viatu vyake. Nikampa simu.

"Jilo," akasema, "wewe ulisema ng'ombe yangu inakanyaga."

Sikusikia upande wa pili, lakini uso wa mzee ulilainika. "Imeisha, imeisha. Sasa unataka nini?" Akasikiliza. Kisha akanitazama kwa mashaka. "Anasema nivue kofia."

"Ili ajue picha ni ya sasa, mzee."

"Anajua mimi sivui."

"Ndiyo maana anaomba."

Mzee Barisa aligeukia kamera polepole, kama anayeapishwa, akavua kofia. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama chungu kipya. Nikatuma. Tukangoja wote watatu, ikiwa nitamhesabu Njeri aliyekuwa kwenye simu nyingine akivunjika mbavu kwa kucheka.

Sauti ya Jilo ilitoka kwenye simu bila kuhitaji kuwekwa sikioni. Alicheka kwanza, akacheka sana, na nyuma yake mkewe na majirani wakicheka, kwa sababu picha ilikuwa imezunguka simu zote za Kulesa.

"Nakata," akasema.

Akakata simu na akakata mpunga. Mzee Barisa alivaa kofia, akaagiza vijana wake wahamishe ng'ombe, na wawili kati yao akawatuma Kulesa na miundu ya kuazima. Walikata mpaka maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu. Kona ya chini ya shamba ilizama. Sehemu kubwa iliingia nyumbani, haijawa dhahabu yote, lakini punje zilikuwa zimejaa. Sikuwa pale. Nilibaki kwenye sanduku nikituma picha, na kila iliyofika Jilo aliijibu kwa neno moja: "Imefika." Sikumwomba afanye hivyo. Nilikumbuka kidole changu nyuma ya mgongo, na mtoto aliyekishika ili nisife.

Baada ya msimu ule tuliletewa ile swichi ya katikati, ikakaa kwenye boksi Garsen, na ninavyojua bado iko huko, kwa sababu hakuna aliyelalamika tena. Atakuja fundi mpya siku moja, pengine mmoja wenu. Atapima kwa kamba, ataona waya umepita mipaka yake, umewekwa mwendo wa kizamani, na kwamba njia ya mkato iko pale wazi, haina nguzo wala shimo, mtoto anaweza kurusha jiwe likaivuka. Atajiuliza ni mjinga gani aliyeutandika.

Ni mimi. Kama mna waya bora, wekeni. Kama mna swichi, itoeni kwenye boksi. Lakini zungukeni.